Vifo vya ghafla vya wanamichezo: tuhesabu kwanza, ndipo tuseme



Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi hufurika wageni. Vyumba hupatikana kwa taabu, na ndugu waliosahauliana mwaka mzima hupigiana simu kuulizana nafasi ya kulala. Ni majira ya Kilimanjaro Marathon, mbio ambazo zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 2003. Wapo wanaokimbia kilometa 42, wapo wa kilometa 21, na wapo wale wa kilometa 5 ambao wengi wao huja kufurahi na kupiga picha zaidi ya kutafuta ushindi. Wanariadha waliozoea hupanda mlima wa kuelekea Mweka kama watu waendao sokoni. Wengine, hasa sisi wa mijini tuliokaa kwenye viti miezi kumi na moja, hupanda huku tukihesabu kila nguzo ya umeme.

Pamoja na shangwe hizo, siku hizi kuna jambo jingine linalokuja na msimu wa mbio. Ni mnong'ono. Katika simu za mkononi hupita ujumbe usemao kwamba wanamichezo wanakufa ghafla kuliko zamani, kwamba vijana wanaanguka viwanjani kila wiki, na kwamba wakubwa wanajua sababu ila wanaificha. Wengine hutaja chanjo, wengine hutaja vinywaji vya kuongeza nguvu, na wengine hutaja uchawi. Mtu akiuliza ushahidi, huambiwa, "Utafiti umeonyesha."

Leo nataka tuzungumzie hayo maneno mawili: utafiti umeonyesha. Utafiti upi? Umeonyesha nini? Na sisi tusio madaktari tutajuaje ulio mzuri na ulio hafifu?

Tuanze na kuelewa jambo lenyewe. Watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni shambulio la moyo, yaani mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba, na sehemu ya nyama ya moyo ikaanza kufa. Mgonjwa anaweza kuwa macho, akashika kifua, akatoka jasho, akazungumza. La pili ni moyo kusimama ghafla. Hapa umeme unaoongoza mapigo huvurugika, moyo ukatetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu akaanguka na kupoteza fahamu kwa sekunde chache. La kwanza linaweza kuzaa la pili. Lakini kwa kijana wa miaka 20 aghalabu chanzo si mshipa kuziba, bali ni kasoro aliyozaliwa nayo, kama vile nyama ya moyo kuwa nene kupita kiasi, au hitilafu katika umeme wa moyo. Kwa mtu wa miaka 50 aliyeamua kukimbia baada ya kustarehe muda mrefu, mshipa ulioziba ndio mshukiwa wa kwanza.

Mifano tunayo. Tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta moyo wake una unene usio wa kawaida. Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton ya Uingereza, alianguka jijini London, moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, naye akapona. Hapa kwetu, Desemba 2016, kijana wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, katika mechi na vijana wa Mwadui, akafariki. Nchi nzima ilishtuka.

Naam, matukio haya yapo na yanauma. Lakini tukio moja, hata liwe la kuliza namna gani, halijibu swali la kama vifo vinaongezeka. Mkulima wa Kibosho akikuambia mibuni kumi imekauka, utamuuliza, "Kati ya mingapi?" Kama shamba lina mibuni 15, huo ni msiba. Kama lina mibuni 3,000, ni hali ya shamba. Utamuuliza pia, "Mwaka jana ilikauka mingapi? Na nani aliyeihesabu?" Maswali hayohayo ya shambani ndiyo tunayopaswa kuyapeleka kwa watafiti. Mimi nayahesabu manne.

Swali la kwanza: nani amehesabiwa? Je, mwanamichezo ni yule mwenye leseni ya kucheza ligi, au hata mzee aliyekuwa akitembea jioni kwa afya yake? Je, ni yule aliyekufa akicheza, au hata aliyekufa usingizini siku tatu baadaye?

Mwaka 2022 jarida moja la kitaalamu lilichapisha barua, si utafiti, bali barua kwa mhariri, iliyosema kwamba tangu mwaka 2021 wanamichezo zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa kwa moyo kusimama. Waandishi wakalinganisha na kazi ya watafiti wa Lausanne, Uswisi, iliyokusanya vifo 1,101 vya wanamichezo walio chini ya miaka 35 kwa miaka 38, kuanzia 1966 hadi 2004. Kwa mtazamo wa haraka mtu anashika kichwa: vya miaka 38 vimefikiwa kwa muda mfupi hivyo! Barua hiyo imezunguka dunia nzima na kufika mpaka kwenye simu za Majengo na Pasua.

Sasa tumia swali letu la kwanza. Vifo vya Lausanne vilikuwa vya vijana chini ya miaka 35, vilivyopatikana kwa kupekua maandishi ya kitabibu. Orodha iliyotumiwa na barua ile ilitoka kwenye ukurasa wa mtandao ambao mwenyewe hakujulikana, uliookoteza habari za magazeti duniani kote. Ndani yake walikuwamo wazee, makocha, wanamichezo waliostaafu, na hata watu waliokufa kwa sababu zisizohusu moyo. Huko ni kupima kahawa kwa debe mwaka huu, na kwa kikombe mwaka jana, halafu kutangaza kwamba mavuno yamepanda.

Je, wapo waliopima kwa kipimo kimoja kabla na baada? Wapo. Marekani watafiti walihesabu wanamichezo vijana waliopatwa na moyo kusimama tangu mwaka 2017 hadi 2022, wakitumia njia ileile miaka yote. Walipata matukio 387. Katika miaka mitatu ya kabla ya janga la korona yalikuwa 203, na katika miaka mitatu ya janga, chanjo zikiwemo, yalikuwa 184. Hayakuongezeka. Kusema hivyo si kusema chanjo haina dosari. Imethibitika kwamba chanjo za aina ya Pfizer na Moderna zinaweza, kwa nadra, kusababisha uvimbe wa nyama ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, na wengi wao hupona. Chanjo ya Janssen, iliyoanza kutumika nchini kwetu Julai 2021, si ya aina hiyo. Mtu mkweli husema yote mawili: dosari ipo, ni ya nadra, na wimbi la vifo vya viwanjani halikuonekana pale lilipotafutwa kwa kipimo sahihi.

Swali la pili: wamehesabiwa kwa njia gani? Hapa, ndugu msikilizaji, kuna somo kwa sisi watu wa magazeti na redio. Nchini Marekani, katika vyuo vikuu, watafiti waliangalia vifo vya wanamichezo wanafunzi kati ya mwaka 2004 na 2008. Wakakuta vifo 45 vilivyotokana na moyo. Kisha wakajiuliza: kila chanzo cha habari peke yake kingetupatia vingapi? Daftari la chama cha michezo cha vyuo lilikuwa na 39. Orodha iliyotegemea zaidi habari za magazeti ilikuwa na 25. Madai ya bima yalikuwa na 9 tu. Mtafiti ambaye angetegemea bima peke yake angesema tatizo ni dogo mara tano kuliko lilivyo, naye angesema kwa uaminifu kabisa.

Ndiyo maana tarakimu za dunia zinatofautiana mpaka msomaji anakata tamaa. Orodha kubwa ya Marekani, iliyohusu vifo vya wanamichezo vijana kuanzia 1980 hadi 2006, ilitoa makadirio ya kifo kisichofika kimoja kwa kila wanamichezo 100,000 kwa mwaka. Uingereza, Chama cha Soka kilifuatilia vijana 11,168 waliopimwa moyo kati ya mwaka 1996 na 2016, wakapata karibu vifo 7 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Tofauti ni zaidi ya mara kumi. Je, mioyo ya Waingereza ni dhaifu mara kumi? La hasha. Sehemu ya tofauti ni kwamba wale walikuwa wavulana wa soka la ushindani mkali. Lakini sehemu nyingine kubwa ni kwamba Waingereza walikuwa na majina ya wachezaji wote mkononi na wakawafuata mmoja mmoja, wakati ile orodha ya Marekani ilingoja habari zije.

Swali la tatu: wamelinganisha na nini, na kwa muda gani? Tuchukue mfano wa nchi mbili. Italia ina sheria ya mwaka 1982 inayomtaka kila anayeshiriki mashindano apimwe, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Watafiti wa jimbo la Veneto walisema vifo vya wanamichezo vilishuka kutoka 3.6 kwa kila 100,000 mwaka 1979 na 1980 hadi 0.4 mwaka 2003 na 2004. Ni mafanikio ya kupigiwa makofi, na nchi nyingi zilitaka kuiga.

Israeli nayo ikatunga sheria ya namna hiyo, ikaanza kutekelezwa mwaka 1997. Watafiti wake wakapekua magazeti mawili makubwa ya nchi hiyo, kuanzia mwaka 1985 hadi 2009. Wakakuta matukio 24. Kabla ya sheria kiwango kilikuwa 2.54 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Baada ya sheria kikawa 2.66. Hakukuwa na nafuu yoyote. Lakini wakagundua jambo la kuzingatiwa: miaka michache kabla tu ya sheria vifo vilikuwa vimepanda kwa bahati mbaya. Kama wangelinganisha na miaka hiyo peke yake, nao wangetangaza ushindi mkubwa.

Hapo utaona, ndugu msikilizaji, mitego ya kazi hii. Vifo hivi ni vichache, na kitu kichache hupanda na kushuka chenyewe. Aghalabu serikali hutunga sheria baada ya mwaka mbaya, na baada ya mwaka mbaya mara nyingi huja mwaka wa kawaida, sheria iwepo isiwepo. Ni kama mtu aliyeita mganga siku homa ilipofika kileleni. Homa ikishuka, mganga hupewa mbuzi. Kwa upande mwingine, na Waisraeli nao wana udhaifu wao: walitegemea magazeti, na tumekwisha kuona magazeti yanavyokosa vifo. Kwa hiyo hatuwezi kusema Italia wamekosea na Israeli wamepatia. Tunachoweza kusema ni kwamba hakuna hata kazi moja kati ya hizo mbili inayotosha kubeba sheria ya nchi peke yake.

Tena hata kipimo chenyewe si kinga kamili. Katika vijana wale 11,168 wa Uingereza, 42 walikutwa na ugonjwa wa moyo wa hatari wakasaidiwa. Hilo ni jema. Lakini baadaye wanane walikufa kwa moyo, na sita kati yao vipimo vyao vilikuwa vimeonyesha kwamba hawana tatizo.

Swali la nne, ambalo kwetu ndilo gumu kuliko yote: nani alithibitisha chanzo cha kifo? Na je, majibu yaliyopatikana kwa watu wengine yanatuhusu sisi? Katika vyuo vya Marekani, utafiti wa miaka kumi ulionyesha kwamba wanamichezo weusi walikufa kwa moyo kwa kiwango cha mmoja kati ya 21,491 kwa mwaka, wakati kwa wote kwa jumla ilikuwa mmoja kati ya 53,703. Uingereza wameona kwamba kipimo cha umeme wa moyo kwa wanamichezo weusi wenye afya njema mara nyingi huonyesha michoro inayofanana na ya ugonjwa. Katika utafiti mmoja mchoro wa namna hiyo ulionekana kwa karibu 23 katika kila 100 kati yao, na kwa wazungu wasiofika wanne. Fikiria tungechukua vigezo vya Ulaya vya zamani na kuvileta Moshi. Karibu robo ya vijana wetu wa shule wangeambiwa moyo wao mbovu, wakazuiwa kucheza, wazazi wakauza ng'ombe kwenda kutafuta matibabu ya ugonjwa usiokuwepo. Vigezo hivyo vilirekebishwa mwaka 2017. Lakini hata "mwanamichezo mweusi" wa vitabu hivyo ni kijana wa Chicago au wa London. Si Mchaga wa Marangu, wala si Mbulu, wala si Msukuma.

Basi kwetu kuna nini? Usidhani hakuna. Katika mlima wetu ilifanyika kazi moja ambayo kila mtu wa Moshi angepaswa kuijua. Watafiti waliangalia vifo vya watalii waliopanda Mlima Kilimanjaro kuanzia Januari 1996 hadi Oktoba 2003, wakitumia kumbukumbu za hospitali ya KCMC. Walikuta vifo 25. Kumi na vinne vilitokana na ugonjwa wa kimo, vitano na majeraha, vinne na shambulio la moyo, kimoja na homa ya mapafu na kimoja na kidole tumbo. Wakagawanya kwa idadi ya waliopanda, wakapata vifo 13.6 kwa kila wapandaji 100,000.

Tuipime kazi hiyo kwa maswali yetu. Ina idadi ya waliokufa na idadi ya waliopanda; hapo imewashinda wengi. Ina muda unaojulikana na mahali panapojulikana. Udhaifu wake ni nini? Vifo vinne vya moyo ni vichache. Kimoja kikiongezeka au kikipungua, kiwango kinabadilika kwa robo nzima. Aliyeshuka mgonjwa, akasafirishwa akafia kwao, hayumo katika kumbukumbu za Moshi. Na udhaifu mkubwa kuliko yote umo katika neno moja la kichwa chake: watalii.

Wapagazi je? Mtalii mmoja anapopanda kwenda Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, mara nyingi nyuma yake wapo wapagazi wawili, watatu au zaidi. Wenyewe hujiita wagumu, na jina hilo wamelipata kwa haki. Hubeba mzigo ambao kanuni ya hifadhi inasema usizidi kilo 20. Hulala baridi, hula kidogo, na hupanda haraka kuliko mgeni wao ili wakute hema limesimama na chai iko motoni. Mgeni huambiwa "pole pole". Mgumu hakuna anayemwambia pole pole. Kwa kipimo chochote cha mwili, huyu ni mwanamichezo wa juu. Yeye naye hufa, na hufa kijana. Lakini maiti yake hushushwa, hupelekwa nyumbani, huzikwa kihambani kati ya migomba, na watu husema, "Alishikwa na baridi." Inawezekana ni baridi. Inawezekana ni mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya kimo. Inawezekana ni moyo aliozaliwa nao. Kama haikuandikwa, mdogo wake atakayechukua nafasi yake msimu ujao, mwenye damu ileile na pengine moyo uleule, atapanda bila kujua.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa mjadala wa maprofesa. Kasoro nyingi za moyo zinazoua vijana hurithiwa. Kifo kimoja kilichochunguzwa vizuri kinaweza kuokoa ndugu watatu walio hai. Kifo kilichofukiwa kwa neno "baridi" au "amerogwa" hakiokoi mtu, na mara nyingine huongeza uhasama katika ukoo.

Najua uchunguzi wa maiti ni jambo zito katika mila na dini zetu, na familia ina haki ya kukataa. Lakini ipo njia nyingine, nayo haikutoka mbali. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle ilianzisha mradi wa kuhesabu vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Morogoro Vijijini, na Hai, hapohapo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba. Palipotokea kifo, mtu aliyefunzwa alikwenda kukaa na wafiwa na kuwauliza kwa upole: Alianza kuumwa lini? Alilalamika nini? Alianguka ghafla au aliugua? Madaktari wakayasoma majibu na kukisia chanzo. Njia hiyo haina uhakika wa kisu cha daktari, lakini ina ubora mmoja ambao hata tafiti nyingi za nchi tajiri hazina: haikungoja habari zije, iliwafuata watu wote.

Na tusidhani magonjwa haya ni ya wazungu. Utafiti uliofanyika mwaka 1996 na 1997 katika kijiji cha Shari wilayani Hai na katika Ilala ya Dar es Salaam ulikuta kwamba, katika watu wazima, zaidi ya robo ya wale wa Shari na zaidi ya theluthi ya wale wa Ilala walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kati yao wote wenye shinikizo, hata mmoja katika watano hakuwa akijua. Miaka ya karibuni katika idara ya dharura ya KCMC, watafiti waliwapima watu wazima waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja katika watano alikuwa na shambulio la moyo. Baadhi ya wenzao wako barabarani siku ya mbio, wamevaa fulana na namba kifuani.

Wahenga wetu wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumezoea kulitumia neno hilo dukani na kwenye chama cha ushirika. Lakini hata roho za watu zahitaji daftari. Ombi langu ni dogo. Waandaaji wa mbio watangaze kila mwaka, pamoja na majina ya washindi, ni wangapi walioanza, wangapi waliomaliza, wangapi walioanguka na nini kiliwapata. Hifadhi ya mlima na makampuni ya utalii yaandike vifo na magonjwa ya wapagazi katika daftari lilelile la watalii, na daftari hilo lifunguliwe kwa madaktari. Mashindano ya shule na ligi za vijana yafanye vivyo hivyo. Gharama yake ni kalamu, karatasi na uaminifu.

Mtu atauliza: je, tukae tukihesabu huku watu wanakufa? Hapana. Lipo jambo moja ambalo ushahidi wake ni imara kuliko mengine yote. Marekani walifuatilia mbio ndefu kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, zilizokuwa na washiriki milioni 10.9. Mioyo 59 ilisimama, na watu 42 wakafa. Yaani kati ya kila kumi walioanguka, saba walikufa. Wakarudia kwa miaka iliyofuata, hadi 2023, kwa wakimbiaji zaidi ya milioni 29. Kiwango cha mioyo kusimama kilibaki karibu palepale. Lakini sasa, kati ya kila kumi walioanguka, hawakufa zaidi ya watatu au wanne. Watafiti wanaona kilichobadilika ni watu waliokuwa karibu: waliokuwa wamejifunza kukandamiza kifua, na mashine za kushtua moyo kwa umeme zilizokuwa zimewekwa njiani. Katika Kombe la Ulaya la mwaka 2021, Christian Eriksen wa Denmark aliokolewa kwa mambo hayohayo mawili mbele ya macho ya dunia.

Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa kutoka mjini haliwezi kupenya umati wa Mweka kwa dakika tano. Aliye karibu ndiye daktari. Mtu akianguka ghafla, haitiki, hapumui au anakoroma kwa shida, usimmwagie maji wala usimtafutie kitunguu. Ita msaada, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka mwenye ujuzi afike. Vikundi vyetu vya mbio za asubuhi, vilivyojaa kila mtaa siku hizi, vingeweza kujifunza hayo kwa Jumamosi moja.

Na ujumbe ukija kwenye simu yako ukisema wanamichezo wanakwisha, usiutupe kwa dharau, wala usiusambaze kwa pupa. Uulize maswali manne. Nani amehesabiwa? Kwa njia gani? Wamelinganishwa na nini? Nani alithibitisha? Ukikosa majibu, ujue umeletewa debe tupu, na debe tupu haliachi kutika.

Kwa leo tuishie hapa. Panapo majaliwa tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu.